Kanisa la Mtakatifu Klementi huko Roma, na mambo linayotufundisha

Katika mwaka wa kwanza wa upadri wetu tulitumwa katika parokia moja ambamo wakristu walikuwa wakijenga kanisa jipya la matofari ya kuchoma na mabati. Kazi ilipokwisha, kanisa la kale, lile dogo la udongo na nyasi lililojengwa na wakatekista wa kwanza, lilibomolewa kwa siku mbili, na miti yake ikachukuliwa kuwa kuni. Sisi wenyewe tulisimamia kazi ile, tena tulifurahi kuona kiwanja kimesafishwa. Jumapili iliyofuata mzee mmoja alitujia baada ya Misa, akatuuliza: «Padri, mahali nilipobatiziwa ni wapi sasa?» Tulitazama kiwanja, tusione hata alama moja. Hatukuwa na jibu.

Swali lile lilitufuata mpaka Roma, tulipopelekwa huko kwa masomo. Siku moja tuliingia katika kanisa la Mtakatifu Klementi, na humo tuliona jinsi wakristu wa kale walivyolijibu swali la namna hiyo. Ndiyo sababu tunapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za kanisa hilo: ujenzi wake, alama zake, na fundisho lake kwetu sisi mapadri, waseminari na wakatekista.

I. Klementi ni nani?

Katika Kanoni ya Kiroma yamo, baada ya majina ya Mitume, majina haya matatu: Lino, Kleto, Klementi. Hao ndio waliomfuata Mtakatifu Petro katika kiti cha Roma. Klementi anajulikana hasa kwa barua yake kwa wakristu wa Korinto, iliyoandikwa karibu na mwaka 96. Huko Korinto wakristu wengine walikuwa wamewafukuza mapadri wao bila kosa, na kanisa la Roma likaandika kuwaonya warudishe amani na utii.

Masimulizi ya baadaye yanasema kwamba Kaisari Trayano alimpeleka Klementi uhamishoni Kersoni, kando ya Bahari Nyeusi, na kwamba huko alitupwa baharini akifungiwa nanga shingoni. Ndiyo maana mafundi humchora pamoja na nanga. Anayeingia kanisa lake ataiona nanga hiyo imechongwa juu ya kibanda cha mawe kinachofunika altare.

II. Kanisa tatu katika mahali pamoja

Kanisa hili liko katika bonde lililo kati ya kilima cha Eskwilino na kilima cha Celio, katika njia itokayo Koloseo kwenda Laterano. Kwa nje si kubwa wala si la kutisha macho. Ajabu yake iko chini ya sakafu.

Kwa muda wa miaka mingi watu walidhani kwamba kanisa wanalosalia ndilo lile lile la karne ya 4, lile alilolitaja Mtakatifu Yeronimo mwaka 392, aliposema kwamba kanisa lililojengwa Roma linalinda ukumbusho wa Klementi. Lakini mwaka 1857 Padri Joseph Mullooly, Mdominikano wa Irlandi, ambaye shirika lake linalinda kanisa hilo tangu karne ya 17, alianza kuchimba. Akakuta chini ya sakafu kanisa zima, lenye kuta, nguzo na picha, limejazwa udongo na mawe. Akaendelea kuchimba, akakuta chini ya kanisa hilo nyumba za Waroma za karne ya kwanza. Maji yakafurika humo, hata ikawa lazima, katika miaka 1912 mpaka 1914, kuchimba mfereji mrefu chini ya ardhi kuyapeleka karibu na Koloseo. Mpaka leo anayeshuka chini kabisa husikia maji yakikimbia gizani.

Basi mambo ni haya: juu, kanisa la karne ya 12, katikati, kanisa la karne ya 4, chini, nyumba za karne ya kwanza. Anayeshuka ngazi anarudi nyuma miaka elfu na zaidi. Na tushuke polepole, tuyatazame yote matatu.

III. Kanisa la juu: nyumba iliyopangwa kwa sala

Kanisa la juu lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 12 kwa juhudi ya Kardinali Anastasius. Jina lake limeandikwa katika kiti cha askofu kilicho nyuma ya altare. Mbele ya kanisa kuna uwanja wenye nguzo pande zote: ni mahali pa kuacha kelele ya njia kabla ya kuingia. Milango yake mikubwa inatazama mashariki, na altare iko upande wa magharibi. Kwa hiyo padri aliyesimama nyuma ya altare akitazama mashariki, yaani mahali jua linapotokea, alama ya Kristu mfufuka, alikuwa pia akiwatazama watu.

Katikati ya kanisa kuna kiwanja cha waimbaji, kilichozungukwa na ukuta mfupi wa marumaru nyeupe. Humo ndimo wakleri walipoimba zaburi. Kila upande pana mimbari: moja ndefu ya kusomea Injili, na nyingine ya kusomea barua za Mitume. Karibu na mimbari ya Injili pana mnara mwembamba wa marumaru wa kubeba mshumaa wa Paska. Wasomaji waangalie jambo hili: Neno la Mungu lina mahali pake palipojengwa kwa mawe, nayo altare ina mahali pake. Hakuna kitu kilichowekwa ovyo. Anayeingia, hata kama hajui kusoma, anaona kwa macho kwamba Misa ni meza mbili: meza ya Neno na meza ya Mwili wa Bwana.

Lakini tazameni tena vipande vile vya marumaru. Si vya karne ya 12. Vilitoka katika kanisa la chini, na vinachukua alama ya jina la Papa Yohane wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 533 mpaka 535. Papa huyo, kabla ya kuchaguliwa, alikuwa padri wa kanisa hili hili, na jina lake lilikuwa Mercurius, jina la mungu wa uongo wa Waroma. Alipopewa kiti cha Petro aliona haifai Papa aitwe kwa jina la sanamu, akajichagulia jina la Yohane. Basi Anastasius alipojenga kanisa jipya hakuvitupa vipande vya padri Mercurius. Alivipandisha juu, akaviweka katikati ya kanisa. Hata kiti chake mwenyewe kina kipande cha jiwe la kale, ambalo bado linasomeka neno moja: MARTYR, maana yake shahidi. Askofu akikaa pale, anakumbushwa kwamba kiti chake kimeegemea damu ya mashahidi.

IV. Msalaba ulio mti

Nyuma ya altare ukuta umepinda kama nusu ya mtungi, na ndani yake mafundi wa karne ya 12 walipanga vijiwe vidogo vya rangi na vya dhahabu, vikafanya picha moja kubwa. Katikati kuna msalaba, na Bwana wetu Yezu Kristu amekufa juu yake. Juu ya mbao za msalaba wametua njiwa weupe kumi na wawili: ni Mitume. Chini wamesimama Bikira Maria na Mtakatifu Yohane. Kutoka juu unatokea mkono wa Baba, unaleta taji.

Msalaba huo haukusimikwa katika mlima mkavu. Unatoka katika shina la mmea mbichi, na matawi ya mmea huo yanajizungusha kulia na kushoto mpaka yanajaza ukuta wote. Chini ya msalaba inatoka mito minne, kama ile ya paradizo, na ayala wawili wanakunywa. Mwenye kujua zaburi anaelewa mara moja: ndiyo roho yenye kiu ya Mungu, ndiyo pia mkatekumeni anayetamani maji ya ubatizo.

Tena katika matawi fundi ameweka watu. Wamo walimu wanne wakuu wa Eklezya ya upande wa magharibi: Agustino, Yeronimo, Gregori na Ambrosi. Lakini wamo pia wachungaji na mifugo yao, na mwanamke anayelisha kuku. Jambo hili lilitushangaza sana. Mwalimu mkubwa wa teolojia na mwanamke wa kuku wako katika mmea mmoja, wanapata uzima katika shina moja. Maandishi yaliyo chini ya picha yanafafanua: Eklezya ya Kristu inafananishwa na mzabibu ule, ambao sheria inaukausha na msalaba unaufanya kuwa mbichi tena.

Chini zaidi wanatembea kondoo kumi na wawili, sita kutoka Betlehemu na sita kutoka Yeruzalemu, wakimwelekea Mwana-kondoo aliye katikati. Juu ya tao lililo mbele ya picha hiyo, Petro amekaa pamoja na Klementi na kumwonyesha Kristu aliyemhubiri. Upande wa pili yuko Paulo pamoja na Laurenti shahidi. Wakatekista wetu, ambao mara nyingi wanatafuta namna ya kufundisha fumbo la ukombozi bila maneno magumu, wangeweza kufundisha mwaka mzima mbele ya ukuta huu mmoja.

V. Kanisa la katikati: zawadi ya walei na lugha ya watu

Tukishuka ngazi tunaingia kanisa la karne ya 4. Lilikuwa pana kupita lile la juu. Humo mwaka 417 Papa Zosimo aliketi kuchunguza mafundisho ya Celestius, mwanafunzi wa Pelagius, na humo Mtakatifu Gregori Mkuu alihubiri kwa watu.

Watu walizoea kusema kwamba kanisa hili liliteketezwa na Wanormandi mwaka 1084, walipochoma sehemu ile ya mji. Lakini kuta zilizochimbuliwa hazionyeshi nyumba iliyoanguka katika moto. Ardhi ya mji ilikuwa imepanda pande zote, na kanisa likabaki kama shimoni. Ndipo Anastasius alipolijaza udongo mpaka juu ya nguzo zake, akasimamisha kanisa jipya juu ya kuta zile zile. Kwa kulizika, alilihifadhi.

Katika kuta hizo zimebaki picha za mwisho wa karne ya 11. Hazikulipwa na mfalme wala na askofu, bali na mume na mke, Beno wa Rapiza na Maria, waliochorwa wadogo pamoja na watoto wao wawili. Picha moja inaonyesha mtoto aliyesahauliwa na mama yake katika kaburi la Klementi chini ya bahari, akakutwa mzima baada ya mwaka, bahari ilipojitenga tena.

Picha nyingine ni ya Sisinnius, tajiri mpagani aliyekasirika kwa sababu mke wake Theodora alikuwa mkristu. Aliwaamuru watumishi wamfunge Klementi na kumburura. Lakini macho yao yalikuwa yamepofuka, wakafunga nguzo ya mawe wakidhani ni yeye. Karibu na vinywa vyao maneno yao yameandikwa. Klementi anasema Kilatini. Sisinnius anawahimiza watumishi, hata kuwatukana, kwa lugha ya watu wa njiani, na maneno hayo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya lugha ya Kiitalia. Hivi katika ukuta wa kanisa lugha ya soko iliingia, nayo iliingia katika kinywa cha mtu mbaya. Lakini fundi alijua kwamba watu wataicheka na kuielewa.

VI. Kaburi la Mtakatifu Sirilo

Katika kanisa hilo la katikati lilikuwamo kaburi moja ambalo sisi Waafrika tungepaswa kulizuru kabla ya mengine mengi. Ni kaburi la Mtakatifu Sirilo.

Sirilo na ndugu yake Metodi walitoka Tesalonika. Mwaka 863 walitumwa kwa Waslavi wa Moravia. Sirilo aliwatungia alfabeti, kwa sababu lugha yao haikuwa na maandishi, kisha wakatafsiri Injili na sala za Misa. Ndipo ugomvi ulipoanza. Wakleri wengine walisema kwamba Mungu hutukuzwa kwa lugha tatu tu, zile zilizoandikwa juu ya msalaba: Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Sirilo aliwajibu huko Venezia kwamba mvua ya Mungu huwanyeshea watu wote, basi haifai kuyafanya mataifa mengine kuwa bubu.

Walipofika Roma walileta masalio yaliyoheshimiwa kuwa ya Klementi, ambayo Sirilo aliyapata Kersoni. Papa Adriano wa Pili aliwapokea kwa heshima, akavibariki vitabu vya Kislavi, vikawekwa juu ya altare, na Misa ikaimbwa kwa lugha hiyo katika makanisa ya Roma. Sirilo alikufa huko tarehe 14 Februari 869, akiwa na umri wa miaka 42 tu. Metodi alitaka kuurudisha mwili kwao, kwani mama yao aliwaomba hivyo; lakini Waroma walikataa, wakamzika katika kanisa la Klementi yule aliyemleta. Mwaka 1963 Papa Paulo wa Sita alikirudisha humo kipande cha masalio yake, kwani kaburi lenyewe lilikuwa limepotewa na mifupa.

Tusifikiri kwamba baada ya hapo yote yalikuwa mepesi. Metodi alitiwa kifungoni na maaskofu wa Bavaria. Mwaka 880 Papa Yohane wa Nane aliikubali tena lugha ya Kislavi kwa maandishi, lakini Papa mwingine akaikataza baada ya kifo cha Metodi mwaka 885. Kazi nzuri inaweza kukataliwa na watu wema. Hata hivyo haikufa. Na sisi tunaoandika na kuhubiri Kiswahili tuna haki ya kukumbuka kaburi lile. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulipoifungulia liturjia milango ya lugha za watu mwaka 1963, na Roma ilipoikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire mwaka 1988, mbegu ya Sirilo ilikuwa ikichipuka mbali na Moravia.

VII. Chini kabisa

Tukishuka ngazi ya mwisho tunafika katika nyumba za karne ya kwanza. Kati ya majengo mawili kuna kichochoro chembamba. Upande mmoja kuna kuta nene za mawe makubwa. Upande wa pili kuna nyumba ambayo ua wake ulifanywa kuwa pango la mungu Mithra. Mabenchi ya mawe yako kulia na kushoto, na katikati altare inayoonyesha Mithra akichinja fahali. Dini hiyo iliwapokea wanaume tu, na askari wengi waliipenda. Mwaka 392 Kaisari Theodosius alikataza ibada za miungu yote, na wakristu wakajenga sehemu ya mwisho ya kanisa lao juu ya pango lile.

Tuwe na kiasi katika kusema. Wengine hupenda kueleza kwamba hii ndiyo nyumba ya Klementi mwenyewe. Hilo ni wazo, si ushahidi. Lakini kuta zenyewe zinatosha kutufundisha. Eklezya haikujenga mahali patupu. Ilikuta watu wenye njia zao za kumtafuta Mungu, wenye chakula chao cha pamoja na nyimbo zao. Haikuabudu fahali yule, wala haikudhani kwamba kabla yake palikuwa jangwa.

VIII. Na sisi?

Wasomaji watatuambia: «Sisi hatuna marumaru, hatuna Kardinali Anastasius.» Ni kweli. Lakini Anastasius hakutunza kanisa la kale kwa kuwa alikuwa tajiri. Maskini pia huweza kulinda jiwe moja. Tunaomba basi mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha.

La kwanza: pahali panapojengwa kanisa jipya, kitu kimoja cha kanisa la kwanza kiingie ndani yake, iwe jiwe la altare, iwe boriti ya mlango, iwe beseni la ubatizo. Kisiwekwe stoo, kiwekwe mahali watu wanapokiona.

La pili: majina ya wakatekista wa kwanza, na ya watu waliotoa miti na nyasi, yaandikwe katika diario ya parokia, wazee wangali hai. Beno na Maria tunawajua leo kwa sababu mtu aliandika majina yao.

La tatu: tunapochora na kupamba makanisa yetu, tutafute picha ambazo mama wa shamba anaweza kujiona ndani yake, kama yule mwanamke wa kuku alivyo katika mti wa msalaba.

Tuliporudi kutoka Roma tulikwenda katika parokia ile. Mzee aliyetuuliza alikuwa amekwisha kufa. Tuliwakusanya wazee waliobaki, tukawaomba watuonyeshe mahali beseni la ubatizo lilipokuwa. Wawili walisimama mahali pamoja. Wa tatu alisimama hatua kumi kutoka kwao, akashika neno lake. Tuliandika ushuhuda wa wote watatu, pamoja na majina kumi na moja ya wakatekista waliokumbukwa, na katikati ya pahali wazee waliposimama tulisimika msalaba wa mti. Si jibu kamili kwa swali la mzee. Ni sehemu tu ya lile tuliloharibu kwa haraka yetu, na tunawaandikia ninyi kusudi msiharibu vilevile.